UNA MIAKA MINGAPI?

Masomo: Mwanzo 27:1-45, Mwanzo 32:22-30, Mwanzo 47:7-10



Tunawasalimu nyote, ninyi wa vijiji vya karibu na ninyi wa ng'ambo ya bonde ambao mvua imewazuia kufika ibadani. Neno la toleo hili linaanzia mahali ambapo wengine watashangaa, yaani uwanja wa mpira. Akina mama, msiliruke. Litawafikia ninyi pia.

Vijana wetu wengi wanakumbuka Aprili 2019, Tanzania ilipoandaa Kombe la Mataifa ya Afrika kwa vijana walio chini ya miaka 17. Timu nane zilikutana Dar es Salaam. Sisi hapa tulikaa penye redio na kwenye kibanda cha video, na mioyo yetu ilikuwa imegawanyika. Tunaishi Uganda na tunalima ardhi ya Uganda, lakini kati yetu wapo waliozaliwa au kulelewa kambini Tanzania. Siku ya ufunguzi Serengeti Boys walifunga mabao manne dhidi ya Nigeria na bado wakashindwa, 5-4. Baadaye Uganda wakawafunga Tanzania 3-0, na jioni ile wengine walirudi nyumbani wakiimba na wengine hawakula. Wenyeji walitoka bila pointi hata moja. Kombe lilichukuliwa na Kamerun, waliowashinda Guinea kwa penalti baada ya mchezo kwisha bila bao.

Hayo ni mpira, na mpira una wenyewe wa kuuandika. Sisi tunataka kusema juu ya kilichofuata.

Senegal walipeleka malalamiko kwamba wachezaji wawili wa Guinea hawakuwa na umri ulioandikwa kwenye karatasi zao. Wawili hao walikuwa wamewahi kucheza mashindano ya vijana huko Japani mwaka 2017, na huko waliandikishwa kwa tarehe nyingine za kuzaliwa. Shirikisho la Mpira la Afrika, CAF, lilichunguza likaona kosa. Guinea wakaondolewa, na nafasi yao katika Kombe la Dunia la vijana lililofanyika Brazil mwaka huo wakapewa Senegal.

Tuwafikirie wenzao wa timu ileile ya Guinea. Katika nusu fainali walipigiana penalti na Nigeria mpaka 10-9. Kijana wa miaka kumi na sita anatembea peke yake toka katikati ya uwanja mpaka kwenye mpira, miguu inatetemeka, anapiga, anafunga. Halafu wiki chache baadaye anaambiwa kwamba safari ya Brazil haipo tena, kwa sababu ya tarehe ambayo yeye hakuiandika.

Wala tusiinyoshee Guinea kidole. Tanzania yenyewe ilifuzu kwenda fainali za mwaka 2005 nchini Gambia, ikaondolewa kwa kosa hilohilo la umri. Mwaka 2017 mambo yaligeuka: Kongo-Brazzaville waliondolewa kwa ajili ya umri wa mchezaji mmoja, na Tanzania wakaenda Gabon badala yao. Na Kamerun, mabingwa wale wa Dar es Salaam? Mwanzoni mwa 2023 ilijulikana kwamba walipowapima wachezaji wao 30 wa chini ya miaka 17, 21 hawakupita. Ishirini na mmoja! Lakini tuwape haki yao: safari hii walijipima wao wenyewe kabla ya mashindano, wakawatoa, wakatafuta vijana wengine, na hao wengine wakafuzu.

Kipimo chenyewe kinafanyika kwenye kifundo cha mkono. Tuliuliza kwa ndugu mmoja anayefanya kazi ya uganga, akatueleza hivi. Karibu na ncha ya mfupa wa mkono wa mtoto kuna sehemu ya gegedu, na hapo ndipo mfupa unapokulia. Kadiri kijana anavyokua, sehemu ile inaziba kidogo kidogo. Mashine ya MRI inapiga picha ya ndani, na kama pameziba kabisa, madaktari wanajua kwamba karibu hakika huyu amepita miaka 17. FIFA ilianza kuitumia katika Kombe la Dunia la vijana la 2009, nchini Nigeria. Mashine haiwezi kutaja siku uliyozaliwa, wala haisomi moyo. Inatazama mkono tu.

Mkono! Tuliposikia hivyo tulimkumbuka Isaka.

Fungueni Mwanzo 27. Mzee amepofuka, mwanawe mdogo anaingia na chakula, anasema kwamba yeye ndiye mkubwa. Isaka ana shaka, kwa maana sauti anaijua. Hana njia nyingine ya kuhakikisha, anampapasa mikono. Mikono ina manyoya, kwa sababu imefungwa ngozi za mbuzi. Basi mzee akaamini mikono kuliko sauti, akabariki. Huo ni udanganyifu wa nani aliyezaliwa kwanza, ndugu zetu. Ni udanganyifu wa kuzaliwa.

Na ni nani aliyezifunga zile ngozi? Si Yakobo. Yakobo aliogopa, alisema kwamba atagunduliwa. Aliyezifunga ni mama yake, naye aliahidi kwamba laana ikija itakuwa juu yake. Aliamini anamsaidia mtoto. Lakini laana haikufuata mapatano yao. Aliyekimbia usiku na mchana ni mtoto. Rebeka alifikiri ni kwa siku chache tu; zikawa miaka ishirini kwa Labani, na Biblia haituonyeshi popote kwamba mama yule alimwona tena mwanawe.

Katika mpira wa vijana wa Afrika ni hivyohivyo. Mtoto hajifungi ngozi. Anafungwa na kocha, na baba, na kiongozi anayetaka kombe, na wakala anayemwambia kwamba Ulaya hawatazami mtu wa miaka ishirini na mbili. Siku ya kupimwa, mkono unaoingizwa mashineni ni wa kijana.

Sasa tuje nyumbani. Sisi wakimbizi neno hili la umri linatuhusu kuliko watu wa mpira. Hesabuni wenyewe ni wangapi katika ushirika wetu waliozaliwa tarehe 1 Januari. Ukisoma karatasi zetu utadhani mama zetu wote walijifungua siku moja! Tulifika mpakani bila cheti, tukaulizwa mwaka, tukasema ni mwaka ule wa vita fulani, au mwaka wa njaa, na mwandishi akajaza 1/1. Hilo si uongo. Mtu asiyejua siku yake akasema anavyojua hajamdanganya mtu, na wala asijione mwenye hatia anaposoma ukurasa huu. Tunasema juu ya anayejua kisha akabadilisha.

Tunajua pia kwa nini anabadilisha. Baba anasikia kwamba mtoto aliyepita miaka ishirini na moja anaweza kutengwa na faili la familia. Anampunguzia miaka minne, kwa hofu ya kumwacha nyuma peke yake. Hofu hiyo hatuichezei, maana tumeachana na watu wengi njiani, wengine bila kuagana. Lakini tumeona mwisho wake pia. Familia moja ya kwetu iliitwa kwa mahojiano, baba akataja mwaka mmoja, na mdogo mtu, bila kujua lolote, akataja mwaka wa kweli wa kaka yake. Faili likasimama. Limesimama mwaka wa tatu sasa. Ni kama vile karatasi za Japani zilivyowangoja vijana wa Guinea. Na tangu uhakiki wa mwaka 2018, wakimbizi wa Uganda nzima walipochukuliwa alama za vidole na mboni za macho, tarehe ya kwanza uliyoisema inakaa na jicho lako.

Na akina mama, hapa ndipo tuliposema tutawafikia. Mvulana anapunguzwa miaka ili acheze, msichana anaongezwa ili aolewe. Katiba ya Uganda inasema ndoa ni kuanzia miaka 18, na sote tunaijua sheria hiyo, ndiyo maana binti wa darasa la sita anageuka ghafla kuwa wa kumi na nane siku mahari inapoletwa. Kanisa hili limeombwa barua za namna hiyo. Tunaandika wazi ili mtu asipoteze muda wake: kitabu cha ubatizo hakifutwi. Ukija kuomba barua ya umri, tutaandika kilichomo, na kama hakuna kilichomo tutaandika kwamba hakuna.

Yakobo huyohuyo hakuishia kwenye ngozi za mbuzi. Usiku ule penye mto Yaboki, aliyeshindana naye alimwuliza jina. Fikirini swali hilo. Mara ya mwisho alipoulizwa na baba yake kuwa yeye ni nani, alijibu kwamba ni Esau. Safari hii amechoka, nyonga imeteguka, Esau anakuja na watu mia nne, na anajibu jina lake tu: Yakobo. Hapo ndipo alipobarikiwa kwa jina lake mwenyewe. Aliondoka akichechemea, hilo nalo limeandikwa.

Akiwa mzee njaa ilimfukuza kwao, akaingia Misri na jamaa yake yote, mgeni katika nchi ya watu. Akasimamishwa mbele ya mkubwa wa nchi, na swali la kwanza Farao alilomwuliza ni umri wake. Sisi tunaocheka kwamba kila dirisha la ofisi linaanza na swali hilo, tujue kwamba liko katika Biblia! Akajibu miaka mia na thelathini, tena akaongeza kwamba ilikuwa michache na yenye taabu, pungufu ya miaka ya baba zake. Hakuongeza wala hakupunguza. Kisha mkimbizi akambariki mfalme.

Tungependa kumalizia hapo kwa Amina, lakini tuna deni.

Kabatini kwa kanisa, nyuma ya vitabu vya nyimbo, kuna kombe. Mnalijua. Vijana wetu walilishinda Agosti iliyopita katika mashindano ya makanisa ya makazi haya, kwa walio chini ya miaka 17. Wengi mlipiga vigelegele, na sisi wa baraza la wazee tulipiga picha nalo. Tulijua kwamba mchezaji wetu wa nambari tisa ana mke na mtoto mmoja. Hatukuambiwa na mtu, tulimbariki mtoto huyo wenyewe mbele ya madhabahu. Tulinyamaza kwa sababu tulikuwa hatujawahi kushinda kitu.

Aliyekaa benchi kwa ajili yake ni mvulana wa miaka kumi na sita, ambaye mama yake huuza mboga sokoni ili amnunulie viatu. Baada ya fainali alimjia mchungaji, akamwuliza kwa heshima, “Pasta, na mimi nikifika ishirini na mbili, mtanirudisha kumi na sita?” Mchungaji hakuwa na jibu. Alilileta swali hilo barazani, na baraza nalo liliahirisha mara mbili, jambo ambalo tunaliungama hapa kwa maandishi.

Wiki iliyopita tulikubaliana. Nambari tisa mwenyewe tuliongea naye kwanza, maana ni sisi tuliomfunga ngozi, naye alikubali bila ugomvi, atawafundisha wadogo. Kanisa lililotufuata limekwisha kupewa habari. Tutalipeleka kombe kwao Jumamosi hii, tutaondoka hapa saa tisa baada ya mazoezi ya kwaya. Vijana watakaotusindikiza waje na jezi zao. Yule mvulana ameombwa alibebe, na amesema atafikiri.