Faini ya Kaburi

Je, watu wanaosaidiana kwa hiari hupata faida au hasara wanapofundishwa kuiandikia sheria hiari yao? Mimi niliyewasomesha walimu miaka mingi hutazamiwa kujibu upesi kwamba maandishi ni maendeleo. Lakini swali hili halitaki haraka.

Katumba ilianzishwa mwaka 1973, iwe makazi ya watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Serikali ilitoa ardhi, UNHCR ikagharimia, na TCRS, shirika la Walutheri, likasimamia kazi. Yote hayo yalikuja kutoka nje. Kuchimba kaburi la jirani hakukuhitaji msimamizi.

Leo mambo ni mengine. Watu zaidi ya 162,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu walikubaliwa uraia, na vyeti vikaanza kutolewa Oktoba 2014. Raia ana haki ya huduma za raia. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kuvikopesha vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Anayetaka mkopo huo kwa kawaida sharti awe na kikundi kilichosajiliwa, chenye katiba na viongozi, na afisa maendeleo ya jamii huwaelekeza. Ni kazi njema. Tatizo ni kwamba katiba ya mfano hunakiliwa hata na chama cha kufa na kuzikana, kisichotaka mkopo wowote ila akaunti benki.

Rasimu moja ya namna hiyo niliombwa niinyooshee lugha. Nikakuta kifungu: asiyefika kuchimba kaburi atozwe faini. Nikamwuliza mzee aliyeileta, zamani asiyefika mlimfanyaje?

“Mwalimu, asiyefika tulikwenda kumjulia hali. Tulijua anaumwa.”

Jibu hilo limenikaa. Kutokuwepo kwa mtu kulikuwa habari ya kutia wasiwasi. Sasa ni deni.

Hata hivyo siwezi kulilaani daftari. Kumbukumbu isiyoandikwa huwapendelea wenye sauti kubwa, na mjane aliyechanga miaka kumi bila stakabadhi hana pa kushika siku akiambiwa hakuchanga. Fedha na iandikwe, tena kwa wino. Mikono ya watu ni jambo jingine, na nadhani anayekuja kukisaidia kikundi angeanza kwa kuuliza mnafanyaje sasa, kabla ya kufungua mkoba wake wa katiba.

Nilimshauri mzee mwenzangu akifute kifungu. Akakataa kwa adabu: vijana wa siku hizi, alisema, bila faini hawaji. Sikuwa na hoja ya kumshinda, maana makaburini nimehudhuria na nimeona ni nani wanaoshika majembe.

Rasimu ilipitishwa na wanachama wenyewe. Faini ilibaki, ila waliongeza maneno: kabla ya kutozwa, watumwe wawili nyumbani kwake wakamwone.