Huruma Haina Ratiba

Kijana wa Chita, katika Bonde la Kilombero, anayemaliza kidato cha sita akiwa anatumia kiti mwendo ana mipango miwili ya kufanya kwa wakati mmoja. Wa kwanza ni wa wenzake wote: kuchagua kozi, kuomba udahili, kuomba mkopo. Wa pili hauna fomu. Maktaba ya chuo iko ghorofa ya ngapi? Mlango wa choo cha bweni unapitisha kiti? Nani atamnyanyua kwenye ngazi za behewa la TAZARA, na nani atampokea akishuka? Rafiki yake kiziwi anauliza kama kuna mkalimani wa lugha ya alama. Mwenzao mwenye ualbino anataka kujua ataketi wapi ili aone ubao, na mafuta ya kujikinga na jua atayapata wapi.

Maswali hayo yanaonekana ya kiutendaji. Chini yake lipo swali la imani na falsafa lililo kongwe kuliko vyuo vyenyewe: mtu huyu akiwezeshwa kufika darasani, anatendewa wema au analipwa anachodai?

Bonde la Kilombero lina historia ndefu ya wema. Watawa wa Kikapuchini kutoka Uswisi walianza utume wao huku mwaka 1921, na Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Ifakara ni tunda la kazi hiyo. Ng'ambo ya mto, Mahenge, daktari mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa karibu na mwaka 1960. Aliwakuta wagonjwa wanaokula peke yao kwa sababu mate yao yaliogopwa, wengine wakiwa na makovu ya moto wa jikoni walikoangukia. Dawa ziliwarudisha wengi kwenye kazi na kwenye sahani ya pamoja. Kazi ya namna hiyo inastahili heshima yote.

Lakini mwanafunzi si mgonjwa. Hangoji kupona ndipo asome. Anataka kusoma jinsi alivyo.

Dini mbili zinazofuatwa zaidi bondeni zimeligusa jambo hili. Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu na kuuliza ni dhambi ya nani, yake au ya wazazi wake. Yesu anazikataa hesabu zote mbili. Jibu hilo lingetosha kunyamazisha minong'ono ambayo mama wa mtoto mwenye ulemavu bado huisikia kisimani.

Sura ya 80 ya Kurani, Abasa, inakwenda karibu zaidi na chuo. Wafasiri wanaeleza kwamba Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, alikuwa akizungumza na wakubwa wa Kikureshi, akitumaini kwamba wakisilimu wengi watafuata. Akaingia Abdullah bin Ummi Maktum, asiyeona, akataka kufundishwa. Mtume alikunja uso, na wahyi ukaja kumkosoa kwa ajili ya mtu huyo. Yafaa kulitazama vizuri alilokuja kutafuta. Hakuomba sadaka. Aliomba elimu, na kilichomtanguliza mbele ya wakubwa ni hamu yake ya kujifunza. Baadaye alikuwa mwadhini, na zaidi ya mara moja aliachiwa dhamana ya Madina Mtume alipokuwa safarini.

Hesabu ya nani ataleta faida zaidi ndiyo inayowatesa watu wa nchi maskini hadi leo, na haifanywi na wabaya. Mwaka 1964, akilieleza Bunge Mpango wa Maendeleo wa Miaka Mitano, Mwalimu Nyerere aliwafananisha wanaosomeshwa na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu ya kwenda mbali kuleta msaada. Mfano huo ulifundisha vijana wengi kwamba elimu yao ni deni kwa waliobaki. Tatizo lake ni kwamba anayechaguliwa ni mwenye miguu imara. Mzee wa ukoo aliyeuza mpunga na kupata ada ya mtoto mmoja tu atamtuma nani: anayetembea, au anayehitaji kubebwa hadi kituoni?

Mwanafalsafa na mchumi Amartya Sen, katika mhadhara alioutoa Stanford mwaka 1979, alionyesha kwamba watu wenye miili tofauti wakipewa vitu sawa, hawapati uwezo sawa. Wape wanafunzi wawili fedha zilezile za kujikimu. Mmoja anatembea kwenda darasani. Mwenzake analipa bajaji asubuhi na jioni, na kufikia katikati ya muhula nauli imemaliza fedha zake.

Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, Ibara ya 11, inataja haki ya kujielimisha na haki ya kusaidiwa wakati wa ulemavu. Lakini ibara hiyo imo katika sehemu ambayo Ibara ya 7 inasema haiwezi kusimamiwa na mahakama. Ndiyo maana hatua mbili zilizofuata zina uzito: Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, kisha ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010.

Uzito huo unaonekana pale mtu anapokaa kupanga. Huruma ni kweli na ni njema, ila huja siku inapokuja: mwalimu mwema akihamishwa, imeondoka naye. Hakuna anayeweza kupanga miaka mitatu ya shahada juu ya kitu kisichodaiwa. Kwa hiyo watu wanapomtaja Dkt. Abdallah Possi, mwenye ualbino, aliyefikia uzamivu wa sheria, akafundisha Chuo Kikuu cha Dodoma, akateuliwa naibu waziri mwaka 2015 na baadaye balozi Ujerumani, wasimtumie kuonyesha kwamba juhudi inatosha. Chuo hakijengwi kwa kuwategemea watu wa pekee.

Parokia na msikiti wa Chita wanapochanga nauli wanafanya vyema. Wanaweza pia kufanya jambo la pili, mapema, kijana akiwa bado kidato cha tano: kukiandikia chuo barua pamoja na mkuu wa shule, kuuliza kuhusu njia ya kiti mwendo, mkalimani na vitabu vya nukta nundu, ambavyo haviandaliwi kwa wiki moja. Wamsindikize pia kwa mganga mkuu wa wilaya kupata uthibitisho wa ulemavu unaohitajika na Bodi ya Mikopo. Chuo kikijibu kwa maandishi, kijana atachagua kozi akijua anakokwenda. Kikikaa kimya, barua ile ile itakuwa ushahidi kwamba kilidaiwa.