Bega la jirani: ni zawadi ao ni deni?

Watu wa mujini wakizungumza juu ya maisha ya mugini, wanapenda kusema ya kwamba kule watu wanasaidiana bure. Wanasema vile kwa kusifu, na sisi walimu njo wa kwanza kufundisha hivyo katika somo la uraia. Tungependa kuuliza hapa: neno lile "bure" maana yake nini? Mutu anayeacha shamba lake na kubeba mgonjwa wa jirani kutwa nzima, anatoa zawadi? Analipa deni? Ao anatumikishwa tu bila kujua?

Tuchukue mfano tunaoujua vizuri, kipoyi. Sisi ni wazaliwa wa Burhinyi, katika teritware ya Mwenga, Kivu ya Kusini. Kwetu ni milima juu ya milima, na kutoka mugini mpaka barabara ya gari mutu mzima anatembea saa tano, wakati wa mvua zaidi. Kipoyi inatengenezwa kwa mianzi miwili mirefu, na blanketi ao mkeka unafungwa katikati kwa kamba. Wanne wanabeba, wengine wanne ao zaidi wanafuata nyuma ili kupokezana. Wakati wa kupanda mlima kichwa cha mgonjwa kinatangulia. Wakati wa kushuka, miguu njo inatangulia. Penye utelezi hakuna kupokezana, kwani mmoja akianguka wote wanaanguka.

Kazi hii iko na sheria. Chefu wa mugini anaweka kaye yenye majina ya wenye nyumba wote, na kila nyumba inatoa mwanaume mmoja kwa zamu. Anasamehewa mutu aliyezika wiki ile, ao ambaye bibi yake amezaa karibuni. Asiyefika bila sababu analipa jerikani ya kasiksi. Akikataa mara tatu, jina lake linafutwa, na kufutwa kunaogopwa kuliko faini. Si kusema ya kwamba siku ya ugonjwa wake watamwacha afe. Watambeba. Lakini watambeba kimya, na bibi yake ataona haya kwenda kisimani.

Basi si bure. Inahesabiwa, tena kwa ukali. (Tuseme kidogo pia juu ya kaye ile: haina jina la mwanamke hata moja. Wanawake wanapika chakula cha njiani, wanabeba vitu vya mgonjwa katika kikapu kwa kamba ya kichwani, wanabaki na watoto wake na kupalilia shamba lake. Tulipomuuliza chefu kwa nini hayo hayaandikwi, alicheka, akasema hiyo si kazi, ni mambo ya wanawake. Hatukubaliani naye hata leo.)

Wengine watatuambia: kama kuna faini, basi ni kazi ya lazima kama zile za zamani. Neno hilo si la kupuuzwa. Babu zetu walijua kazi ya lazima. Tangu 1917 Wabeleji waliwalimisha watu mashamba ya lazima, siku 60 kwa mwaka. Wakati wa vita, mwaka 1942, siku zikapanda mpaka 120. Kiisha ikaja salongo ya Mobutu, miaka ya 1970: watu walitolewa nyumbani kufyeka na kufagia, huku mutu wa chama amesimama na karatasi. Leo kifungu cha 16 cha Katiba ya 18 Februari 2006 kinakataza kazi ya kulazimishwa. Lakini wazee wetu hawakuchanganya mambo. Mmoja alituambia: "Salongo tulikuwa tunaikimbia. Kipoyi hatukuikimbia." Tunafikiri sababu ni hii: katika salongo aliyetoa amri hakushika jembe. Katika kipoyi, nyumba ya chefu nayo iko mu kaye, na bega lake liko na alama kama mabega ya wengine.

Tunasema hivi kwa sababu tulibebwa sisi wenyewe. Ilikuwa 1993, tuko na miaka kumi na miwili, tumbo limevimba ngumu kama ngoma. Wanaume kumi na wawili walitubeba usiku mpaka barabarani, na kesho yake tukapasuliwa. Tunakumbuka harufu ya moshi katika blanketi, na tunakumbuka ya kwamba wawili kati yao waligombana juu ya mbuzi mmoja, njia yote, juu ya kichwa chetu. Hawakuwa malaika. Hata mmoja hakuomba kitu. Tangu siku ile baba yetu hakukosa wito hata mmoja, mpaka kufa kwake mwaka 2009.

Mwaka 2014 shirika moja lilikuja kutengeneza njia ya kwetu, likalipa kila mutu franka 3.000 kwa siku. Hatuwezi kulaumu malipo yale: watu walinunua chumvi, kaye za watoto, wengine mabati. Kiisha miezi mitatu shirika likaenda. Mvua ikaziba mifereji. Chefu akapiga ngoma siku ya posho ili watu wakaizibue, vijana wakauliza: "Motisha iko wapi?" Mwaka uliofuata mama mmoja akashikwa na uchungu usiku, na vijana wakauliza vilevile. Walibishana karibu saa mbili, mpaka wazee wakainua mianzi wenyewe. Hapo vijana wakaona haya, wakawapokea. Mama alipona. Mtoto hakupona. Hakuna anayeweza kusema ni saa zile mbili zilizomuua, na hakuna anayeweza kusema hapana.

Ni rahisi kuwahukumu vijana wale. Lakini walikuwa wameona dereva analipwa, agronome analipwa, na sisi walimu tunapewa feza za siku kwa kukaa tu katika semina. Kwa nini bega peke yake njo likose bei? Swali lao lilikuwa la haki, na wazee walikosa kulijibu. Sisi tungejibu hivi: mutu akikulipa, hesabu imeisha. Hadaiwi, wala hudai, kila mutu ashike njia yake. Kaye ya kipoyi haimalizi hesabu kamwe. Uliyembeba jana pengine hatakubeba wewe. Mtoto wake atambeba dada yako, miaka ishirini mbele. Ni deni, ndiyo, lakini ni deni ambalo hakuna anayetaka liishe, kwani siku litakapoisha hatutadaiana tena kitu, na mama mwenye uchungu atahesabiwa saa kama muzigo.

Na sisi tuliotoka? Tangu tumalize ISP Bukavu tunakaa mujini. Wakiita kipoyi, tunatuma feza kwa simu: ya mafuta ya pikipiki, ya dawa, ya kasiksi ya wabebaji. Tulijiona wakarimu. Mwaka jana shangazi yetu, dada mdogo wa baba, alituambia mbele ya watu: "Mutoto ya kaka yangu, feza yako ilifika, aksanti. Lakini bega yako hatukuiona." Tulitafuta jibu la mwalimu, tukakosa.

Siku ileile chefu alitufungulia kaye. Kumbe mstari wa baba yetu ungali pale, na chini ya jina lake mutu ameandika letu kwa kalamu ya risasi. Chefu akauliza: "Mwalimu, tufute ao tuandike na biki?" Tukamwambia aandike na biki. Tangu hapo wameita mara tatu. Mara mbili tulikuwa mujini, tunasahihisha mitihani. Mara ya tatu tulifika wakati mgonjwa amekwisha kupita, tukawakuta wabebaji wanarudi na mianzi mitupu, tukawaomba watupe tuibebe sisi mpaka mugini.