Ajali ya Dharra na Udhuru wa Mzembe

Mkulima wa Hirbadaw, upande wa Hanang, atiapo begani gunia la mbolea ya Minjingu haoni ndani yake illa unga. Minjingu i katika mkoa uo huo wa Manyara, na mwamba wake ni mabaki ya samaki na ya ndege walao samaki wa zama za kale. Waliougundua mwaka 1956 walikuwa wakitafuta urani. Na kweli urani imo, kupita kiasi cha udongo wa kawaida.

Wanazuoni wa ilimu ya kalamu walikhitalifiana zamani juu ya sehemu ndogo ya vitu. Wengi wao walisema kila mwili hugawanyika hata ufike sehemu isiyogawanyika tena, wakaiita al-jauhar al-fard. An-Nadhdham wa Basra akakanusha. Hata leo Waarabu huiita atomu kwa jina la dharra. Lakini dharra hii inagawanyika. Mwaka 1911 Rutherford alibainisha ya kuwa kati yake pana kiini kidogo mno, na elektroni zimekizunguka kwa mbali. Kiini cha urani iliyo nyingi duniani kina protoni 92 na nyutroni 146, nao ni mzigo mzito usiotulia. Hutupa kipande chake na kugeuka kitu kingine, na hicho kingine, hata kiwe radiamu, kisha radoni, mwisho risasi. Mionzi itokayo katika kugeuka huku ndiyo aliyoigundua Becquerel mwaka 1896.

Na hapa pana ajabu. Dharra moja ya radiamu yaweza kupasuka sasa hivi, au ikakaa miaka elfu kumi. Hakuna chombo wala hesabu itakayoijua ajali yake. Ama zikiwa nyingi mno, yajulikana kwa yakini ya kuwa nusu yake itakwisha kwa miaka 1600, na ya radoni kwa siku nne kasoro kidogo.

Basi mzembe husimama akasema: "Iwapo haijulikani dharra ipi itapasuka, wala pafu la nani litaumia, hayo ni kadari, na tahadhari haina maana." Neno hili lina sura ya ucha Mungu, na ndani yake ni uvivu. Nahodha apakiaye jahazi kupita kiasi naye hajui wimbi lipi litamzamisha. Lakini ajua ya kwamba majahazi yaliyopakiwa hivyo huzama. Kilichofichwa ni cha mmoja mmoja. Cha wengi kimedhihirika, na aliyekijua hana udhuru kwa abiria aliowachukua. Kumfunga ngamia hakujapunguza tawakuli ya mtu.

Wala haifai kutishana. Mbolea ikitawanywa shambani, urani yake ni kidogo katika udongo mwingi. Hali ya mkulima yule si ya kulinganishwa na ya mtu asagaye mwamba mchana kutwa akivuta vumbi. Mionzi mingine ya urani huzuiwa na ngozi, hata na karatasi, lakini vumbi likiingia kifuani hapana ngozi ya kuizuia. Mwenye kuwaajiri watu hao naye akawaficha jambo hili, kisha akasema ni majaaliwa, amewahukumia wenziwe kwa ghaibu asiyoimiliki. Yapasa awaambie, na awape kitambaa cha kufaa cha kuziba pua na mdomo, na alinyunyizie maji vumbi kabla halijapaa.

Radoni ni hewa, haina rangi wala harufu. Hupanda kutoka ardhini na mawemawe, ikajikusanya katika ghala na nyumba zilizofungwa, na ikivutwa miaka mingi huleta saratani ya mapafu. Dawa yake ya kwanza ni dirisha. Hutoka kwa upepo ule ule utoao moshi wa jikoni.