Tarishi au Mwenye Amana?

Swali la iwapo kiongozi wa serikali ya wanafunzi ni tarishi, yaani mbeba ujumbe asiyeongeza lake, au ni mwenye amana, yaani mtu aliyekabidhiwa jambo la wenzake alisimamie kwa busara yake, lilijitokeza waziwazi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1971, pale Symonds Akivaga, kiongozi wa wanafunzi aliyetoka Kenya, alipoukosoa utawala kwa barua ya wazi, akafukuzwa chuoni na kurudishwa kwao. Tarishi angejitetea kwamba ametumwa tu, na mjumbe, kama ijulikanavyo, hauawi. Mwenye amana hana kinga hiyo, kwa kuwa maneno anayoyatetea ni yake pia. Akivaga alipofukuzwa, wanafunzi wenzake walisusia masomo.