Hisabu Si Tuhuma

Katika baraza zetu hapa Lamu yapo maneno yasemwayo kila litajwapo jina la Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Mmoja husema, "Wameanza tena kutuchokora." Wa pili husema, "Kumhesabia fedha mtu mwaminifu ni kumvunjia heshima." Na wa tatu hunyamaza, kwani mwanawe amepata nafasi ya uanagenzi katika ofisi hiyo hiyo inayokaguliwa, wala hapendi jambo hilo lizungumzwe. Maneno ya hao wawili na kimya cha huyu wa tatu ndiyo tutakayo kuyapima leo.

Swali letu ni hili: je, kumtaka hisabu mtu aliyepewa amana ya umma ni kumtuhumu? Na amana yenyewe ni fedha peke yake, au vijana waliowekwa mikononi mwake ni amana vilevile?

Kwanza yatupasa tujue sheria yasema nini, maana wengi wetu twaisema bila ya kuijua. Katiba ya Kenya iliyotangazwa Agosti 2010 imemtenga Mkaguzi Mkuu na amri ya mawaziri. Hushika kazi miaka 8 wala haongezewi tena, ili asiwe na sababu ya kumbembeleza mtu. Mwaka wa hesabu hufungwa tarehe 30 Juni, na katika muda wa miezi 6 humpasa awe amekwisha kukagua na kutoa taarifa ya kila wizara, kila kaunti, na kila shirika linalolishwa na fedha za umma. Taarifa hupelekwa Bungeni au kwenye baraza la kaunti, na hao wana miezi 3 ya kuijadili na kuchukua hatua. Tena Katiba hiyo yasema kuwa ofisa aliyeidhinisha fedha zitumike kinyume cha sheria atailipa hasara hiyo yeye mwenyewe, hata akiwa amekwisha kutoka kazini.

Mkaguzi hutoa rai ya namna nne. Ya kwanza ni hati safi, nayo maana yake ni kuwa hesabu zaonesha kwa haki yale yaliyopita. Ya pili ni hati yenye kasoro, yaani hesabu kwa jumla ni sawa ila mahali fulani. Ya tatu ni hati mbaya, yaani hesabu zapotosha. Na ya nne ni pale mkaguzi asemapo kuwa hawezi kutoa rai yoyote, kwa kuwa hakuletewa daftari wala stakabadhi za kumtosha. Aghlabu watu hudhani hii ya nne ni nyepesi, kwa kuwa hapana mtu aliyetajwa kuwa ameiba. Sisi twaona kuwa ni nzito kuliko zilizosalia, kwani aliyekosea hesabu amekosea mbele ya watu, lakini asiyekuwa na hesabu amewafungia watu mlango.

Sasa turudi kwa yule asemaye kuwa hisabu ni tuhuma. Hoja yake ina asili, maana dini yetu imekataza dhana mbaya na imekataza kupeleleza aibu za watu. Walakini yaliyokatazwa ni kuchungulia nyumba ya mtu na siri yake. Hazina ya umma si nyumba ya mtu. Aliyekabidhiwa ufunguo wake ameshika mali ya yatima, ya mjane, ya mvuvi wa Kizingitini na ya mkulima wa Mpeketoni, na hao wenye mali wakiuliza mali yao imekwenda wapi hawapelelezi, wauliza chao.

Tena mfano twaupata kwa Mtume wetu, sala na salamu zimshukie. Alimtuma mtu wa kabila la Azd, aitwaye Ibn al-Lutbiyya, kukusanya zaka. Aliporudi alifanyiwa hisabu, naye akaigawa mali mafungu mawili: hili lenu, na hili nimepewa mimi zawadi. Mtume akamuuliza, lau angalikaa nyumbani kwa baba yake au mama yake, zawadi hiyo ingalimfuata? Kisha akasimama akawaonya watu juu ya kitendo hicho, wala jina la mtu hakulitaja. Hapa tuna mafunzo mawili. Hisabu ilifanywa kwa mtu aliyechaguliwa na mbora wa viumbe, na kuchaguliwa kwake hakukumwondolea hisabu. Na la pili, makusudio yalikuwa kuiponya amana, si kumfedhehesha mtu.

Bali sisi twasema zaidi ya hapo: mwenye haki ya kwanza katika hisabu ni huyo mwaminifu mwenyewe. Mwizi hudhurika kwa ukaguzi, lakini mwaminifu hudhurika kwa kukosekana kwake. Pasipo daftari, mwema na mwovu wote ni sawa katika midomo ya watu, na mwema hana cha kujitetea nacho.

Tulikuja kwa swali la pili, la vijana. Nchi hii imeona jinsi mali iliyotengwa kwa ajili yao inavyoweza kupotea. Shirika la Huduma ya Vijana kwa Taifa liliundwa mwaka 1964 ili vijana wapate nidhamu na ufundi. Mwaka 2015 zilizuka habari za kupotea kwa shilingi milioni 791 za shirika hilo, na mwaka 2018 makumi ya watu wakafikishwa mahakamani kwa mashtaka mengine ya mamilioni. Fedha hizo zingekuwa za barabara tungehuzunika. Kwa kuwa ni za kuwafundisha vijana, msiba ni mara mbili, maana fedha huweza kurudishwa, na mwaka wa ujana haurudishwi.

Wala si lazima pesa iibwe ndipo kijana adhulumiwe. Yuko mwanagenzi anayewekwa ofisini miezi 12 akipeleka chai na kubeba majalada, na mwisho wake hupewa barua kuwa amefundishwa kazi. Stakabadhi ya posho yake iko, sahihi iko, hesabu imelingana senti kwa senti, na amana imeliwa. Na Aprili 2024 mahakama ya kazi iliamua kuwa walimu waliokwisha kufuzu na kusajiliwa, kisha wakaajiriwa kwa jina la uanagenzi kwa malipo pungufu, walivunjiwa haki zao. Jina la mafunzo lilitumika mahali ambapo mtu hakuwa akifunzwa, alikuwa akifanya kazi kamili.

Basi ukaguzi wa haki hauishii kwenye karatasi. Katiba yenyewe yamtaka Mkaguzi athibitishe kuwa fedha zilitumika kihalali na pia kwa njia iliyoleta matokeo. Sisi wenyeji wa visiwa hivi twajua maana ya maneno hayo bila ya kufundishwa. Fundi wa Matondoni akimpokea mwanagenzi, hisabu yake si idadi ya siku alizohudhuria. Hisabu yake ni ubao alioupasua, ukingo alioukalafati, na jahazi lililoshushwa majini lisivuje. Vijana wetu waliahidiwa ufadhili wa masomo ya kazi za bandari, idadi ikitajwa kuwa elfu moja, na gati la kwanza la Bandari ya Lamu lilifunguliwa Mei 2021. Swali la kuuliza si fedha ngapi zilitoka tu, bali ni wangapi walifundishwa, nini, na wangapi leo waweza kuifanya kazi hiyo.

Na kijana naye ana hisabu yake. Chukua mfano wa mwanagenzi aliyeletewa karatasi ya mahudhurio ya semina isiyofanyika, akaambiwa atie sahihi kama wenzake. Ajua kuwa akikataa huenda akakosa barua ya kumsifu. Jambo hilo ni zito kwa mtoto wa maskini, wala hatulifanyi jepesi. Lakini sahihi ile ni ushahidi, na ushahidi wa uongo hauwi halali kwa kuwa mkubwa ameuamuru. Lawama kubwa ni ya mkubwa huyo, kwani alipewa kijana amfundishe kazi, akamfundisha khiana.

Tusijisahau sisi wazee. Yule aliyenyamaza barazani aliomba nafasi kwa ajili ya udugu, na nafasi hiyo aliikosa mtoto wa mtu mwingine aliyestahiki zaidi. Kisha twamlaani mla fedha! Nafasi ya kujifunza iliyotolewa kwa umma ni mali ya umma kama shilingi ilivyo.

Lililo juu yetu sasa si gumu. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 yampa kila raia ruhusa ya kuandika, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, na ofisi ya umma yapasa kumjibu katika siku 21. Basi katika kila mtaa na wakutane watu watatu wanne, waisome taarifa ya kaunti yetu, wamuulize mjumbe wao wa baraza la kaunti ameijadili lini na amesema nini, na waulize vijana walioingia ofisini mwaka huo walichaguliwa vipi na walifunzwa nini. Waulize kwa adabu, pasi na kumtuhumu mtu, na wakijibiwa kwa haki washukuru hadharani, ili mwaminifu naye apate kujulikana kwa jina lake.

Wabillahi tawfiq.