Accidie si uvivu

Neno accidie limebaki kwenye kamusi kubwa za Kiingereza, na wengi hulifasiri kuwa ni uvivu, mojawapo ya zile dhambi kuu saba. Naona fasiri hiyo imewapotosha waumini, kwa kuwa mtu mwenye kilema hiki hujiona mzima ilmradi mikono yake haitulii. Kwa Kigiriki, lilikotoka, neno lenyewe ni kutojali. Evagrius wa Ponto, aliyeishi na wamonaki wa jangwa la Misri hadi kufa kwake mwaka 399, anaeleza hali ya mmonaki wakati wa adhuhuri: jua kwake haliendi, macho hayabanduki dirishani, anakichukia kijumba chake na kazi yake, anawaza kuhamia kwingine. Yohane Kasiano, aliyeyafikisha mafundisho hayo Gaul, Ufaransa ya leo, anaongeza jambo zito zaidi: mtu huyo huona ni wajibu mtakatifu kwenda kuwajulia hali wagonjwa walio mbali. Mvivu hafungi safari ya namna hiyo. Shughuli za mwenye accidie ni njema machoni pa kila mtu. Anachokikimbia ni kubaki mbele za Mungu. Ndiyo maana katika karne ya 13 Tomaso wa Akwino aliita accidie huzuni juu ya wema wa Mungu, akasema inakwenda kinyume cha amri ya kuitakasa Sabato. Amri ya kupumzika, tena roho ipumzike kwa Mungu!

Atatokea wa kupinga kwamba Kasiano huyohuyo aliagiza kazi ya mikono iwe dawa, na kazi ni dawa ya uvivu. Hoja ina nguvu, ila mfano anaoutoa unaidhoofisha. Abba Paulo, mmonaki wa jangwani, aliishi mbali mno na soko, akawa anafanya kazi ya makuti ya mitende mwaka mzima, kisha anaichoma yote. Chakula alikipata bustanini. Kazi ilimsaidia asiondoke. Pingamizi la pili linanigusa zaidi: je, hatutawatwika dhambi wagonjwa wa sonona? Tusithubutu. Sonona humpata mtu bila ridhaa yake, naye anahitaji tabibu, wala si karipio. Kwa Akwino, accidie huwa dhambi ya mauti pale tu akili inapokubali kuuchukia wema wa Mungu. Ninayoyasema yanamhusu yule ambaye wiki yake imejaa vikao vya jumuiya, kwaya na harambee, lakini kusali peke yake robo saa kunamlemea, na ameshaamua moyoni kwamba halimpungukii neno.